Ipunguzeni Nira

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wapenda mageuzi, Spring Valley, Nairobi)



Wapo watakaoshangaa kwa nini habari ya kodi izungumzwe katika mtaa huu wa kuta ndefu na miti mizee, ambako wengi hawalali njaa. Tuanze na shaka hiyo, maana ni ya haki. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari huilalamikia kodi ya mafuta, lakini kodi hiyo haiishii katika tangi lake. Hupanda matatu alfajiri pamoja na mlinzi, yaya na mtunza bustani watokao Kangemi. Hupanda lori liletalo sukuma wiki mjini. Mwishowe huketi katika sahani ya yule aliye na kidogo kuliko wote. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ilipoongeza VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, tajiri aliguna, bali maskini alipunguza mlo. Kamba hukatikia pabovu.

Ndugu zetu, ugomvi wa kodi si jambo geni hapa Nairobi. Wakoloni walianza kutoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, na nia yao haikuwa fedha peke yake, bali pia kumlazimisha Mwafrika aache shamba lake akatafute mshahara kwa mlowezi. Kisha wakamtundika kipande shingoni. Harry Thuku aliposimama mwaka wa 1921, alipinga mambo matatu: kodi iliyoongezwa, mishahara iliyopunguzwa, na kipande. Tarehe 16 Machi 1922, watu waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi papa hapa mjini, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliofariki. Angalieni jinsi mambo hayo yalivyokwenda pamoja: kodi mfukoni, kibali shingoni. Mtawala asiyemwamini raia humtoza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humwandikia ruhusa ya kuishi.

Sisi tuliodai vyama vingi tulikifahamu vyema kibali. Kipengele cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini kwa miaka mingine sita mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na aliyeitoa alikuwa yule yule aliyeuogopa mkutano. Mapatano ya wabunge wa vyama vyote mwaka wa 1997 yaliiondoa leseni hiyo, ikabaki kuwaarifu polisi tu. Nchi haikuporomoka. Tulijifunza kwamba vibali vingi havimlindi mwananchi, bali humlinda mwenye muhuri.

Katika miaka hiyo hiyo, kashfa ya Goldenberg ilitupa somo la pili. Serikali ililipa fidia ya mabilioni kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Shilingi ilidhoofika na bei zikapanda. Aliyelipa deni lile hakuwahi kuiona dhahabu: alikuwa ni mnunuzi wa unga na sukari. Mahali ambapo ofisa mmoja anaweza kumpa mtu mmoja neema kwa saini, hapo ndipo wizi unapotaga mayai.

Je, hali ya mfanyabiashara mdogo ikoje? Serikali ilipoanza mwaka wa 2005 kuzihesabu leseni za biashara nchini, zilipatikana zaidi ya 1,300. Mamia yazo zilifutwa au kurahisishwa katika miaka iliyofuata, nasi twalisifu jambo hilo bila kusita. Lakini ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, kaunti nazo zikatafuta mapato. Mchuuzi anayenunua kabichi Wangige, kaunti ya Kiambu, na kuziuza Kangemi, kaunti ya Nairobi, husafiri kilomita chache tu, naye huweza kudaiwa ada ya mazao huku na ada ya soko kule. Hali Katiba, katika kifungu cha 209, inazikataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara baina ya kaunti na kaunti. Nairobi iliunganisha vibali kadhaa vya biashara kuwa kimoja mwaka wa 2023. Ni hatua njema. Twataka iwe mwanzo, isiwe mwisho.

Tufanye hesabu moja, maana hesabu haina chama. Mwaka wa 2023 kodi inayotozwa juu ya mauzo ya biashara ndogo, zenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, ilipandishwa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Fikirieni duka linalouza bidhaa za shilingi 3,000 kila siku. Kwa mwaka hizo ni shilingi 1,095,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 32,850. Sasa, ikiwa mwenye duka hubakiwa na senti 10 katika kila shilingi, faida yake ya mwaka mzima ni shilingi 109,500. Kwa hiyo kodi iliyoitwa asilimia 3 imechukua asilimia 30 ya kipato chake. Akipata hasara, bado atadaiwa, kwa sababu kodi hii huangalia kilichouzwa, wala haiulizi kilichobaki.

Tunasikia jibu: bila kodi, hospitali na shule zitatoka wapi? Swali hilo ni la kweli, na mwenye kulikwepa asisimame jukwaani. Hatusemi serikali isitoze. Wala hatusemi kila kanuni ifutwe. Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi usiku, ikaua na kujeruhi. Mamlaka husika ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mwaka wa 2023. Basi sheria ilikuwapo, na kukataliwa kulikuwapo, bali gesi iliendelea kujazwa. Huku muuza mahindi ya kuchoma akifukuzwa barabarani kwa kukosa karatasi! Twataka kanuni chache zinazosimamiwa kwa dhati, badala ya kanuni elfu zinazouzwa rejareja.

Waumini mnaikumbuka habari ya Rehoboamu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Watu walimwendea wakiomba nira ya baba yake ipunguzwe, wakaahidi kumtumikia. Wazee walimshauri awasikilize. Rafiki zake aliokua nao walimshauri awe mkali zaidi. Akawafuata rafiki zake, na kabila kumi zikaondoka. Kwetu, mwaka wa 2024, ni vijana walioomba nira ipunguzwe. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza VAT ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Hayo mawili yaliondolewa watu walipopiga kelele, lakini mengine yakabaki. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bunge, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Twauliza kwa uchungu: kwa nini sikio la mtawala lifunguliwe kwa damu? Na Desemba ya mwaka huo huo, baadhi ya mapendekezo yale yalirudi katika sheria nyingine.

Basi tunadai nini? Kwanza, chakula na mafuta yapunguziwe kodi kabla ya anasa. Pili, mfanyabiashara mdogo atozwe kwa faida yake. Tatu, kibali kimoja, ofisi moja, siku zilizotajwa. Siku zikipita bila jibu, ihesabike ameruhusiwa, isipokuwa pale penye hatari kwa maisha. Nne, kabla ya kuongeza kodi yoyote, Bunge lijibu hadharani kila hoja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huwezi kumwomba jirani maji huku mtungi wako umetoboka.

Nanyi wa Spring Valley mna kazi. Katiba inasema, katika kifungu cha 201, kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Anayedai kodi nafuu kwa mchuuzi naye alipe ya kwake kwa ukamilifu, na asimpe mtu kitu kidogo ili faili isogee. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kila kanisa liteue watu watatu wausome, wauelezee ushirika kwa lugha inayoeleweka, na wapeleke maoni kwa maandishi. Tuliikomesha leseni ya kusema. Tusinyamaze sasa kwa kuwa hatuna wa kutukataza.