Tuipime Njia Kabla ya Kuipanda
Hotuba kwa mkutano wa wakazi wa kata, juu ya safari ya baiskeli kutoka Nachingwea na Ruangwa hadi Rondo



Nimeombwa nizungumzie safari ya baiskeli ambayo vijana wetu wanaiandaa: kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, kutoka Ruangwa hadi Nanganga, kisha kwa barabara kuu ya Masasi na Lindi kuelekea Mtama, na hatimaye kuupanda uwanda wa Rondo, ambao hukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko juu uko msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, makao ya komba mdogo kabisa ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Rondo yenyewe. Ni safari njema, nayo ni ngumu. Neno langu kwenu ni moja: mpango uanze na msafiri aliye dhaifu kuliko wote, si na yule mwenye nguvu.

Sisi wa Nachingwea tuna sababu ya kulielewa hilo. Mwaka 1946 Uingereza ilituma wapimaji kuchagua ardhi ya kulima karanga katika Tanganyika. Walifanya kazi kwa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Kilimo kikaanza mwaka 1947. Ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Reli iliyojengwa kufika kwetu nayo ikafungwa na kung'olewa muda mfupi baada ya Uhuru. Mpango ulitungwa na waliokuwa juu, ukawalemea waliokuwa chini.

Nami nimewahi kukosea vivyo hivyo. Miaka mingi iliyopita, mwezi wa Oktoba, niliwaongoza wenzangu sita kupanda mlima kwa baiskeli. Saa za safari nilizipanga kwa mwendo wangu mwenyewe. Mdogo kuliko wote alikuwa mcheshi tulipoondoka. Baadaye akanyamaza, na sote tukadhani anatunza pumzi. Saa saba mchana alianguka kando ya barabara, ngozi ikiwaka moto, maneno yake hayaeleweki. Maji yaliyobaki yalikuwa chupa moja. Tulimlaza kivulini, tukamlowesha, na lori lililopita likatufikisha kwenye zahanati. Mungu alimjalia akapona. Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, mwanangu alipoanza kunyamaza, nani alikuwa nyuma yake?" Sikuwa na jibu, kwa maana sote tulikuwa mbele.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba tuyaamue mambo matano.

Kwanza, msimu. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua huharibu njia za udongo. Oktoba jua ni kali, na malori ya korosho huanza kujaa barabarani. Juni na Julai hali ya hewa ni nzuri, lakini ndiyo miezi ya ufuta, na wengi wetu tuko mashambani au minadani. Napendekeza Agosti.

Pili, mgawanyo wa siku. Kutoka Ruangwa hadi Nanganga ni kilomita 53 hivi, na kutoka Nachingwea hadi Ruangwa hakupungui sana hapo. Siku ya kwanza tulale Ruangwa. Siku ya pili tulale Nyangao, karibu na hospitali. Siku ya tatu iwe ya kupanda tu, tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Atakayeshuka kusukuma baiskeli asione haya. Ila tukumbuke kwamba anayesukuma huenda kilomita nne kwa saa, hivyo mteremko wa kilomita kumi humchukua saa mbili na nusu. Ikifika saa tano hatujafika juu, kundi zima litapumzika kivulini, kisha litashuka jua likipungua. Uamuzi huo hautapigiwa kura barabarani.

Tatu, maji. Tuhesabu lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kupanda juani. Saa tano ni lita tano, nazo ni kilo tano mgongoni au kwenye karia. Hatuwezi kubeba yote. Ni lazima tujue yanapopatikana. Watu wawili watangulie wiki moja kabla, waipite njia yote, waandike kila kisima, duka, zahanati, fundi baiskeli na ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Nne, baiskeli zenyewe. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Baiskeli nyingi za kwetu hazina gia, na nyingine zina breki moja inayoshika. Isiyo na breki mbili nzima isiende Rondo. Raba za breki zilizolika zibadilishwe kabla ya safari. Wakati wa kushuka, breki zibanwe kwa vipindi, tusimame rimu zipoe, tuachane mita ishirini, wala asipakiwe mtu.

Tano, huduma na vibali. Kibali cha kuingia hifadhini kiombwe mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Polisi wa usalama barabarani wapewe tarehe na idadi yetu. Hali ya barabara za mkoa na barabara kuu tuiulize TANROADS. Ya barabara za wilaya, TARURA. Katika kila kijiji tumwone mtendaji, tumuulize habari za tembo, maana wilaya zetu zimekwisha kuonja hasara yao. Usiku tusisafiri kabisa.

Liko jambo moja zaidi, nalo halina gharama. Aliye dhaifu atangulie mbele na mwendo wake uwe mwendo wetu sote. Wa mwisho awe mwenye nguvu kuliko wote, akibeba pampu, viraka na maji ya akiba. Asimwache mtu nyuma yake kwa sababu yoyote.

Naomba mkutano huu, kabla haujafungwa, uwateue wale wawili wa kutangulia kuikagua njia, na umtaje kwa jina yule atakayekaa nyuma. Mzazi yeyote wa kata hii akituuliza nani alikuwa nyuma ya mwanawe, tuwe na jibu kabla hatujaondoka.