Yeyote anaweza kushtaki kwa niaba ya mto

Maji ya kuosha kahawa yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, huoza na kula oksijeni, na viumbe vya majini hufa. Hilo linauhusu Mto Rupingazi pale Embu, na Kathita pale Meru, ambayo yote huishia Tana.

Wakazi wengi husita kushtaki wakidhani lazima wathibitishe hasara. Si kweli! Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amedhurika.

Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiliwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda mwaka 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaifuta, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ingawa kushtaki hakuhitaji kuthibitisha madhara, ushahidi una nguvu: kilichowabeba ni vipimo vya damu, si kelele pekee.

Kwa hiyo nawasihi wanachama wa vyama vya watumiaji maji, kuanzia kile cha Kapingazi pale Embu: maji yakibadilika rangi, chukueni sampuli siku hiyo hiyo, pigeni picha, andikeni tarehe, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ipokee malalamiko yenu kwa maandishi.