Njia Panda na Damu ya Jirani



Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilimwamuru ajengaye nyumba mpya kuizungushia dari yake ukuta mdogo, mtu asije akaanguka na kufa. Ajengaye huwajibika kwa uhai wa mwenzake.

Leo wajengao maduka makubwa na nyumba za ghorofa huomba kuunganisha malango yao na barabara. Magari huongezeka, na mtoto aendaye shule kwa miguu hukosa pa kuvukia. Mara nyingi taa za kuongozea magari hukumbukwa baada ya mazishi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti barabara za kaunti na usimamizi wa magari humo. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa. Zinapokutana, ni rahisi kila upande kumwachia mwenzake mzigo. Lakini kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti, na sheria ya mwaka 2019 ya matumizi ya ardhi humtaka mwombaji autangazie umma mradi wake. Huo ndio wakati wetu wa kusema.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo na iulize: Waendao kwa miguu watavukia wapi? Nani atagharimia taa? Je, zitawaka kabla ya lango kufunguliwa?

Tukinyamaza wakati wa kibali, tutalia wakati wa maziko. Mungu atujalie ujasiri.