Tungojane Njiani

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, kifungu cha 13 na cha 14. Hapo Yakobo amekutana na Esau nduguye baada ya miaka mingi. Esau amekuja na watu 400, naye ataka wote waondoke pamoja. Yakobo akataa kwa upole. Amweleza kwamba watoto bado ni wadogo, na kundi lina wanyama wanaonyonyesha, nao wakikimbizwa siku moja tu watakufa. Basi Esau atangulie. Yeye atakuja nyuma kwa mwendo ambao watoto wataweza.

Neno hili lilitujia kwa nguvu mwezi wa Agosti, wakati wa likizo ya shule, tulipokwenda kukaa Limuru siku nne. Tulikuwa watu sita: baba, mama, watoto watatu, na mama yetu mzee ambaye watoto humwita Nyanya. Majirani zetu hapa Magogoni walishangaa kwamba mtu wa miaka zaidi ya 80 apelekwa kwenye baridi ile. Lakini Nyanya mwenyewe ndiye aliyeiomba safari. Tangu utoto wake alikuwa akisikia kwa baba yake habari za shule ya wachungaji iliyotoka kwetu Kisauni ikapelekwa milimani, naye hakuwahi kuiona.

Tulipanda treni Miritini asubuhi, alasiri tukashuka Nairobi, na magharibi tukafika Limuru kwa matatu. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 haipiti huko. Inayopita Limuru ni ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mji wenyewe uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya chai, na watoto wetu wa pwani walicheka kuona pumzi zao zikitoka kama moshi.

Nyanya hakucheka. Usiku wa kwanza kifua kilimbana, na siku ya pili hakuweza kutoka chini ya mablanketi. Kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 16, alianza kunung'unika. Alisema siku ni nne tu, na moja yapotea bure. Afadhali twende chuoni sisi, tumpigie Nyanya picha, ataziona kwenye simu. Nyanya naye alisema, "Nendeni, wajukuu zangu. Mimi nimezoea kubaki." Mama yao aliposikia hayo alikata shauri: hakuna atakayekwenda chuoni kabla ya Nyanya. Watoto wakaenda na baba yao kutazama stesheni tu.

Pale stesheni tuliwaonyesha jambo moja. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza penye mwinuko mkali. Kwa hiyo njia ile haikupanda mlima moja kwa moja, bali huzunguka na kupanda kidogo kidogo. Tena njia ni moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Penye stesheni hugawanyika, ili treni moja isimame kando na kungoja nyingine ipite. Treni inayongoja haijapotea njia. Isipongoja, zote mbili zitaangamia.

Siku ya tatu jua lilitoka. Tulimvika Nyanya sweta mbili na kanga juu yake, tukaenda kwa mwendo wake, tukipumzika kila alipotaka. Tulipofika chuoni, yeye ndiye aliyetufundisha. Alianza na Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Akawakumbusha watoto kengele ile ya Kengeleni, ambayo huipita kila siku wakienda shule, kwamba ililizwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Huko huko Frere Town ndiko shule ya theolojia ilikoanzishwa mwaka 1903, na mwaka 1930 ikahamishiwa Limuru. Baadaye Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliungana kufundishia watumishi wao hapo, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Kijana wetu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kumbe hiki ni chetu, Nyanya?"

Nyanya akajibu, "Si chetu peke yetu. Kilitoka kwetu."

Ndugu wasikilizaji, kama tungalitangulia siku ya pili, tungaliona majengo na miti, tukapiga picha tukarudi. Yule aliyetuchelewesha ndiye aliyejua tumekwenda kuona nini. Na jibu lake latufaa sana sisi wa Kisauni, ambako katika benchi moja la kanisa hukaa mwenyeji wa pwani na aliyetoka bara. Kilichotoka kwetu kikawalisha wengine hakikuibwa. Na aliyekuja kwetu akitafuta riziki aweza kuwa amelelewa na mbegu iliyopandwa hapa hapa.

Basi tujiulize leo, nani ameachwa nyuma nyumbani kwetu? Yuko mtoto ambaye masomo hayamwingii upesi kama nduguze. Yuko jirani aliyekuwa dereva wa lori, akakosa kazi makontena yalipohamishiwa kwenye reli mpya, naye sasa aona haya kuja ibadani kwa kuwa hana sadaka. Wako wazee katika mikutano ya kanisa, ambao shauri hupitishwa kabla hawajalielewa, kisha twawaambia watie sahihi. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba wakutanikapo kula wangojane. Chakula cha Bwana chenyewe huharibika mezani pa watu wasiongojana.

Tena tumwangalie Yakobo mwenyewe. Katika ujana wake alikuwa mtu wa kuwahi, wa kunyakua baraka kabla ya mwenziwe. Lakini mlango wa 32 watuambia kwamba usiku kabla ya kukutana na Esau alishindana na Mungu, akatoka hapo akichechemea. Mtu achechemeaye hujua mwendo wa mtoto. Na aliye mkuu kuliko Yakobo, Bwana wetu aliyefufuka, alitembea na watu wawili wenye huzuni katika njia ya Emau. Hakuwatangulia mjini. Alikwenda nao hatua kwa hatua mpaka jioni, akaingia kukaa nao.

Tuombe. Ee Bwana, Wewe huchoki kutungoja. Utupe miguu yenye subira, tusimwache mtu wako njiani, na utufikishe sote nyumbani kwako pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.