Meya wa Birmingham na Habari ya Maji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu)



Nimeombwa niseme habari za mtu aliyeanzia baraza la mji akapanda hata kuwa waziri mkubwa. Nimemchagua Joseph Chamberlain wa Birmingham, Uingereza. Huyu alikuwa Waziri wa Makoloni tangu 1895 hata 1903, na mwezi wa Desemba 1902 alishuka Mombasa akapanda gari la moshi kwenda bara. Lakini uwaziri wake sitausema sana. Nataka tumtazame alipokuwa akishughulika na visima.

Alizaliwa London mwaka 1836. Alipopata miaka 18 alipelekwa Birmingham kuangalia mali ya baba yake iliyotiwa katika kiwanda cha parafujo. Kiwanda kilistawi. Mwaka 1869 alichaguliwa kuingia katika baraza la mji, na Novemba 1873 akawa Meya.

Mji ule ulijaa watu waliovutwa na kazi za viwanda, wakisongamana katika nyua nyembamba, na wengi wao walikunywa maji ya visima vilivyoingiwa na uchafu. Maji yaliyopita katika mabomba yalikuwa mali ya kampani, na gesi ya kuwashia taa ilikuwa mali ya kampani mbili. Chamberlain alitaka vyote vinunuliwe na mji. Gesi iligharimu karibu paundi milioni 2, na maji paundi 1,350,000. Mlipa kodi aliyeuliza deni kubwa namna hii litalipwaje hakuwa mpumbavu. Hata mimi ningaliuliza.

Basi sikilizeni jinsi alivyovitenga vitu viwili hivi. Gesi aliihesabu kuwa biashara: mji uiuze, na faida iingie katika sanduku la mji. Mwaka wa kwanza ilipatikana faida ya paundi 34,000. Lakini maji hakutaka yawe biashara. Mji ukipata ziada katika maji, alisema, bei na ipunguzwe, maana afya ya watu si kitu cha kuchumia. Mwenye taa aliuziwa kwa faida ili mji upate nguvu. Mwenye kiu hakuuziwa kwa faida.

Si kila jambo lilikwenda vema. Kwa sheria ya mwaka 1875 mji ulinunua mitaa mibovu ukaibomoa, ikafunguliwa barabara pana iitwayo Corporation Street, yenye maduka mazuri. Lakini nyumba za kuwaweka maskini waliohamishwa zilijengwa chache mno, nao wakaenda kusongamana kwingine. Wako waliomlaumu kwa hayo, nami naona walikuwa na haki.

Mwaka 1876 aliingia Bungeni. Mwaka 1886 aligombana na chama chake kwa ajili ya Ireland akakiacha. Vita vya Afrika ya Kusini vya 1899 hata 1902 vilimletea adui wengi. Katika uchaguzi wa Januari 1906 upande wake ulishindwa vibaya sana katika Uingereza nzima. Lakini viti vyote 7 vya Birmingham vilikwenda kwake na kwa watu wake. Mwezi wa Julai mwaka ule alipatwa na kiharusi, asiweze tena kuhutubu. Watu wa Birmingham hawakumwondoa. Alikufa mwaka 1914 akiwa angali mjumbe wao.