LUKU KUISHA KABLA YA MWEZI
(Maneno ya Katibu mkutanoni, Kimandolu)

Akina mama wamelalamika umeme hauoni mwisho wa mwezi. Haya, tuhesabu pamoja, ndiyo maana tulisoma kisomo.

Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka kwa saa 5 kila usiku, siku 30 inakula yuniti 9. Ya wati 9 haifiki yuniti moja na nusu. Na ile ya nje tunaiacha mpaka asubuhi, halafu tunailaumu mita!

Lakini kubwa ni hili. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo analipa Sh. 100 kwa yuniti mpaka 75 kwa mwezi, kodi mbali. Zinazozidi ni Sh. 350 kila moja. Sasa wapangaji wanne mita moja, 75 zitafika wapi? Sisi wenye nyumba tuseme kweli: mita ya kila mlango ina gharama, lakini anayeumia sasa ni mpangaji.

Makande nayo tuyaloweke usiku, na sufuria tuifunike. Kuni siku hizi ni za kununua, jamani.

Jumamosi kila mtu aje na risiti zake za LUKU tuzisome. Asiyejua kusoma aje nazo vilevile.

Katibu