Nyumba ya Udongo Si Aibu
(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya wafanya kazi na watu wa mji)



Mimi si mjenzi. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini daftari nalo linasema. Kila mwisho wa mwezi naandika mishahara, na kila mara naona majina yale yale ya watu waliokopa fedha ya simenti. Mtu anakopa, ananunua mifuko michache, anajenga msingi na mistari minne ya matofali, kisha fedha inakwisha. Simenti inatoka mbali, na barabara zetu mnazijua wakati wa mvua, bei haishuki. Majani yanaota ndani ya vyumba. Mwenye kiwanja anaendelea kulipa kodi kwa watu, miaka mitano, miaka saba. Ukimwuliza, “Ndugu, kwa nini hukujenga kwa udongo?” anajibu, “Mimi si mshenzi.”

Neno hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Nani alitufundisha kwamba udongo ni ushenzi? Twendeni Tongoni, ile Kasongo ya kale. Mwezi wa 4, mwaka 1893, askari wa Dhanis waliuteka mji ule, mji wa Sefu mwana wa Tippu Tip. Hinde, daktari aliyekuwa pamoja nao, alistaajabu, na katika kitabu chake cha mwaka 1897 aliusifu mji, nyumba zake na mashamba yake. Mji ule haukujengwa kwa simenti. Mimi siusifu utawala wake, maana watu wengi waliuzwa humo, na mikono mingi iliyokanda udongo ule ilikuwa mikono ya watumwa. Lakini ufundi ulikuwa wa mikono ile, haukuwa wa bwana aliyeisimamia. Na wajukuu wa mikono ile ni sisi.

Msidhani nasema kwamba kila nyumba ya udongo ni nzuri. Yangu ya kwanza ilianguka. Mvua ya usiku mmoja ililaza chini ukuta wa chumba cha watoto. Mungu alisaidia, siku ile walilala kwa nyanya yao. Majirani wakasema, “Unaona udongo wako!” Nami niliona haya. Kisha mzee mmoja fundi alikuja, akaangalia, akanionyesha kwa fimbo yake. Ukuta niliuweka juu ya ardhi tupu, bila mawe, na maji yaliyoruka kutoka chini yaliula mguu wake. Mabati niliyakata mafupi, hayakupita ukuta hata kwa kiganja. Udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetaka kubana franga.

Basi sikilizeni yale niliyojifunza kwa hasara.

Kwanza, chagueni udongo. Msitwae ule mweusi wa juu wenye mizizi. Chimbeni chini yake, au twaeni wa kichuguu. Ninyi mnaoosha mchanga wa dhahabu huko Namoya na Salamabila mnajua ni kitu gani kinatangulia kuzama. Fanyeni vivyo hivyo: tieni udongo katika chupa pamoja na maji, tikiseni, acheni mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, ufinyanzi juu, nanyi mtaona kila kimoja ni kiasi gani. Tena kuna jaribio la pili. Viringisheni udongo ulioloweshwa uwe kama kamba nene ya sentimita 3, muusukume polepole kupita ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukipita 15 bila kukatika, ufinyanzi umezidi, na tofali litapasuka likikauka.

Pili, pigeni matofali wakati wa kiangazi. Changanyeni majani makavu yaliyokatwa. Yakaushwe kivulini kwanza, kisha juani, na yangoje majuma matatu au manne kabla ya kujenga.

Tatu, miguu. Jengeni kwa mawe mpaka karibu na goti, ndipo muweke tofali la kwanza. Chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali.

Nne, kichwa. Paa lipite ukuta kwa urefu wa mkono mzima, na chini ya mabati wekeni dari ya matete. Bati tupu huwaka mchana kama sufuria. Lakini ukuta mnene wa sentimita 30 au 40 huchelewesha joto, hata mtu aliyetoka kazi ya usiku aweze kulala saa sita ya mchana bila kutoa jasho.

Wengine watasema, “Basi tuchome matofali.” Tanuru linataka moto wa digrii kama 900, na moto ule unakula miti. Tazameni vilima vinavyozunguka mji. Waulizeni mama zetu wanaenda umbali gani siku hizi kutafuta kuni ya kupikia. Na simenti huchomwa kwa digrii 1450. Moshi wake uko mbali nasi, lakini gharama yake imo ndani ya ule mfuko mnaokopea. Tofali la jua halidai hata kijiti kimoja.

Anayetaka tofali gumu zaidi, iko njia. Mwaka 1956, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, injinia Raúl Ramírez alitengeneza mashine ya kushindilia udongo kwa nguvu za mikono, bila moto. Mnatia simenti kidogo tu, sehemu 5 mpaka 8 katika 100. Jirani zetu wa Uganda wamejenga mashule na matangi ya maji kwa matofali ya namna hiyo. Mtu mmoja hawezi kununua mashine. Watu ishirini wanaweza. Tunajua likelemba ya fedha. Tufanye likelemba ya mikono, leo kwako, kesho kwangu.

Ndugu zangu, bendera tuliipata mwaka 1960. Lakini mtu anayengoja mfuko wa mbali ili alale kwake, bado analala kwa mwingine.

Mwezi wa 6, mvua ikikatika, tunaanza na kiwanja cha jirani yangu, yule mwenye mistari minne. Amekubali. Atakayekuja aje na jembe.